Nani aliyemchagulia mpiga dramu chapa yake?

Mwaka 1963 Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, aliingia Drum City, duka la ngoma lililokuwa Shaftesbury Avenue jijini London, akitafuta seti mpya ya dramu. Aliyokuwa akiipiga ilikuwa Premier, kazi ya Waingereza. Akachukua Ludwig ya Marekani, na kilichomnasa kwanza kilikuwa rangi yake: gamba jeusi lenye mawimbi ya kijivu, mfano wa ganda la chaza. Mwenye duka, Ivor Arbiter, ndiye aliyebuni maandishi ya jina la Beatles yenye herufi T iliyoshuka chini ya wenzake, yakachorwa usoni mwa ngoma ya besi. Juu yake jina la Ludwig likaachwa lisomeke. Tarehe 9 Februari 1964 watazamaji wa Marekani wapatao milioni 73 walilisoma kwenye kipindi cha Ed Sullivan, na kiwanda cha Ludwig mjini Chicago kikalazimika kufanya kazi usiku na mchana. Kisa hiki husimuliwa kama bahati ya kampuni moja, lakini mimi nadhani kinaeleza mengi zaidi. Mpiga dramu ukimuuliza kwa nini anapiga seti hii na si ile, atakujibu kwa lugha ya sikio: mlio mkavu, mlio wa joto, mngurumo. Ukizifuata chapa zenyewe tangu mwanzo wa karne ya 20, utakuta kilichomfikisha kwenye seti yake mara nyingi ni jicho, au forodha, au vyuma. Sikio lilifuata nyuma, likazoea, na mazoea hayo yakapewa jina la kampuni.

Tuanze na ile Premier iliyoachwa. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1922, na katika miaka ya 1950 ilipata msaada ambao fundi yeyote angeupenda: serikali. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na uhaba wa dola, ikazuia ala za muziki za Marekani zisiingie nchini hadi mwaka 1959. Kijana wa Liverpool aliyeanza kupiga wakati huo aliwasikia Wamarekani kwenye santuri na kuwaona sinemani, lakini akienda dukani alikuta mali ya nyumbani. Zuio lilipoondolewa, seti ya Marekani ilikuwa tayari imeshakuwa kitu cha kuotwa, kwa sababu tu haikupatikana. Premier wala haikuwa mbovu. Keith Moon wa The Who aliipiga kwa miaka kwa fujo ambazo mzinga dhaifu usingezistahimili, na zilizovunjika mikononi mwake alizivunja kwa kusudi. Waingereza waliokimbilia Ludwig baada ya 1964 hawakukimbia sauti mbaya. Walikuwa wanafuata kitu walichonyimwa, na sasa walikuwa wamekiona kimekaliwa na mtu wa kwao.

Jicho lilikuwa limefanya kazi hiyo hiyo Marekani kizazi kimoja kabla. Slingerland ilikuwa kampuni ya banjo mjini Chicago. Iliingia kwenye ngoma mwishoni mwa miaka ya 1920, baada ya jirani yake Ludwig kujitia kwenye banjo. Kilichoipa jina ni Gene Krupa, mpiga dramu wa bendi ya Benny Goodman. Tomu, ngoma za seti zinazowekwa juu na kando ya ile ya besi, wakati ule kwa kawaida ngozi yake ya chini ilipigiliwa misumari, hivyo ukitaka kubadili mlio ulikuwa huna la kufanya. Krupa alitaka tomu inayokazwa kwa skrubu juu na chini, na kufikia 1936 Slingerland ikawa inamtengenezea. Hapo sikio lilisema, tena kwa haki kabisa. Ila tazama kilichofuata. Mbinu ile iliweza kuigwa, na washindani waliiiga. Leo hakuna seti ya maana isiyokuwa nayo. Wateja, hata hivyo, waliendelea kuitaka Slingerland, kwa kuwa magazetini kulikuwa na picha ya Krupa, nywele zimemwangukia usoni, taya likitafuna. Ubunifu uligeuka mali ya wote, jina likabaki kwa mmoja.

Ngozi nayo ina habari yake. Hadi katikati ya karne, seti zote ziliwambwa ngozi ya ndama, na ngozi ni ile ile Chicago na Bagamoyo: ikipata unyevu inalegea. Mpiga ngoma wa kwetu huiotesha moto kabla ya kucheza. Mpigaji wa Marekani wa miaka ya 1920 alitundika taa ya umeme ndani ya ngoma ya besi ili iikaushe. Mwaka 1957 Remo Belli akaanza kuuza viwambo vya plastiki vya Weather King, visivyojali mvua wala jua, na kilio hicho kikaisha. Watu husahau maana ya tukio hilo kwa mjadala wa chapa. Kitu kinachogongwa na fimbo sasa kiliweza kuwa kimoja juu ya Ludwig, Slingerland, Gretsch au Premier. Ukichukua seti mbili za vipimo sawa, ukaziwamba viwambo sawa na kuzikaza sawa, tofauti inayobaki ni ndogo kuliko ile anayoileta fundi mmoja kwa kuzungusha ufunguo nusu mzunguko.

Hapa atasimama mpenzi wa jazi na kuniuliza kuhusu Gretsch. Max Roach, Art Blakey, Philly Joe Jones, Elvin Jones, Tony Williams: masikio makali kuliko hayo hayajazaliwa mengi, na wote waliketi nyuma ya Gretsch. Je, nao walichaguliwa na forodha? Pingamizi hili ni zito na linastahili jibu la taratibu. Kiwanda cha Gretsch kilikuwa 60 Broadway, Brooklyn, kando ya daraja la kwenda Manhattan, zilikokuwa klabu walizopiga wanaume hao. Kampuni iliwafuata, ikawapa seti, na mwaka 1960 ikawakusanya wanne kati ya magwiji wa jazi jukwaani katika klabu ya Birdland kwa usiku uliorekodiwa na kuuzwa kwa jina la Gretsch lenyewe. Zaidi ya hapo, tunachokiita leo sauti ya Gretsch katika jazi ni, kwa sehemu kubwa, sauti ya vipimo: ngoma ya besi ya inchi 18, tomu za inchi 12 na 14, zimekazwa juu. Ngoma ndogo ilienea kwenye jukwaa finyu na kwenye buti la teksi. Sikatai kwamba walizipenda. Nasema walizipenda zikiwa tayari mlangoni pao, na santuri zao ndizo zilizowafundisha wengine wote kwamba jazi inapaswa kulia hivyo. Aliyezaliwa baadaye akinunua Gretsch kwa ajili ya mlio, anaununua mlio wa mikono ya Elvin Jones, na mikono hiyo haiuzwi.

Kisha ikaja zamu ya vyuma, na kwa maoni yangu ndiyo sura muhimu kuliko zote ingawa haipigwi picha. Muziki wa roki wa mwisho wa miaka ya 1960 ulikuwa na kelele, na mpigaji alijibu kwa nguvu. Stendi nyembamba zilizotengenezwa kwa ajili ya bendi za dansi zikaanza kuteleza na kuanguka katikati ya onyesho. Wakati huo huo wenye viwanda vya Marekani walikuwa wanauza. Rogers ilinunuliwa na CBS mwaka 1966, Gretsch ikaenda kwa Baldwin mwaka 1967, Slingerland ikaingia mikononi mwa kampuni ya vitabu mwaka 1970. Wajapani walikuwa wakitazama. Pearl, iliyozaliwa Tokyo mwaka 1946 kwa kutengeneza stendi za kuwekea noti za muziki, ilijua chuma kabla haijajua ngoma. Hoshino, iliyokuwa ikiuza ngoma za bei ya chini kwa jina la Star, mwaka 1974 ilileta Tama, jina la mke wa mwenye kampuni, na pamoja nalo stendi nene zenye miguu ya vyuma viwili viwili, zisizosogea. Mtu kama Stewart Copeland wa The Police alipiga Tama kwa ukali wa ajabu, na stendi zikakaa. Mpigaji aliyewahi kuona toazi likimwangukia mbele ya watu elfu hahitaji kushawishiwa kuhusu mbao za mizinga.

Lakini mbao zipo, na wanaozitetea hawasemi uongo. Mti wa birchi hupunguza kidogo sauti za kati na kuiacha ngoma ikisikika wazi. Mti wa mepo hutoa mlio wa mviringo zaidi. Yamaha ilipotoa seti ya birchi katikati ya miaka ya 1970, ile iliyokuja kuitwa Recording Custom, Steve Gadd na wapigaji wengine wa studio waliishika, na hapo nakubali bila kinyongo kwamba sikio ndilo lililoamua. Ila lilikuwa sikio la maikrofoni. Fundi wa studio alitaka ngoma isiyomsumbua kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na mpigaji alitaka kuitwa tena kesho. Kwingineko hoja ya mbao huyumba. Kampuni ya Keller ya New Hampshire iliuza mizinga kwa watengenezaji wengi, miongoni mwao Gretsch na, katika miaka yake ya mwanzo, DW. Watu wakabishana juu ya tofauti za mizinga iliyotoka kiwanda kimoja. Buddy Rich alihama kutoka Slingerland kwenda kampuni ya WFL, akaenda Rogers, akarudi Slingerland, akaenda Ludwig, na hakuna msikilizaji aliyewahi kushindwa kumtambua. Hata bubinga, mbao nyekundu ya Afrika ya Kati iliyosifiwa sana katika seti za gharama, mashaka yake yaliletwa na sheria: uamuzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, uliotolewa Johannesburg mwaka 2016 uliiweka chini ya vibali, pamoja na jamii nzima ya mpingo wetu wa Lindi na Kilwa, na ingawa ala zilizokamilika zililegezewa mwaka 2019, watengenezaji walikuwa wameshageukia miti mingine.

Ushahidi unaonishawishi zaidi uko pembeni mwa seti, kwenye matoazi. Ngoma ukiinunua vibaya utaikaza upya. Toazi halikazwi, linakuja na sauti yake na kufa nayo. Kwa hiyo wapigaji waliofunga mkataba na chapa ya ngoma kwa sababu ya pesa au rangi walikuwa wakisafiri hadi kiwanda cha Zildjian huko Massachusetts, wakigonga moja baada ya jingine hadi wapate lao. Ukoo huo wa Waarmenia ulianza kazi Konstantinopoli mwaka 1618 na kuihamishia Marekani mwaka 1929. Wapigaji wa enzi ya Krupa ndio waliodai matoazi membamba zaidi, nayo yakatengenezwa. Sneya, ngoma yenye nyaya chini yake, iko katikati: Supraphonic ya Ludwig, ya alumini iliyopakwa kromu, imebebwa hadi studio na watu wengi ambao seti yao yote iliyobaki ilikuwa ya kampuni nyingine. Pale ambapo sikio lina kura ya kweli, uaminifu kwa chapa hupungua.

Chapa zenyewe nazo mara nyingine zilianzia kwenye vyuma. Ludwig ilianza mwaka 1909 kwa pedali ya ngoma ya besi, kabla ya kuwa na ngoma yoyote ya kujivunia. DW, chapa ya kifahari ya siku hizi, ilianza mwaka 1972 kama darasa la Don Lombardi huko Santa Monica, ikajulikana kwanza kwa pedali iliyotengenezwa kwa mashine ilizonunua kutoka Camco. Mwaka 2019 DW ikalinunua jina la Slingerland. Miaka mitatu baadaye DW yenyewe ikanunuliwa na Roland ya Japani, kampuni iliyojulikana kwa dramu za umeme zisizo na mzinga, ambazo mpigaji akitaka mlio mwingine hubonyeza kitufe. Ile seti nyeusi ya Ringo ilikuwa imeshauzwa mnadani mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 2.