Maji ya viwanda vya kemikali: kutoka Greenford hadi Msimbazi

Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 aliyeishi mashariki mwa London, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alichopata ni rangi ya zambarau iliyoanzisha biashara kubwa ya rangi za kemikali.

Mwaka 1857 alifungua kiwanda huko Greenford, magharibi mwa jiji, kando ya mfereji. Inasimuliwa kwamba maji ya mfereji huo yalibadilika kulingana na rangi iliyokuwa ikitengenezwa. Sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito ilipitishwa na bunge la Uingereza mwaka 1876, miaka miwili baada ya Perkin kuuza kiwanda chake.

Maji ya namna hiyo si taka tupu. Hubeba tindikali, chumvi na rangi ambazo mwenye kiwanda amezigharimia, na hapo ndipo ilipo hoja ya kuyatumia tena.

Njia nyepesi haihitaji mitambo mikubwa. Bidhaa ikioshwa mara tatu, maji ya mara ya tatu hutoka yakiwa karibu safi. Hayo huwekwa yakatumika kwa mwosho wa pili wa fungu linalofuata, na ya pili kwa mwosho wa kwanza. Kina mama wa miji yenye shida ya maji, ambao hufulia nguo nyingine maji waliyosuuzia kisha wakayapigia deki, hawahitaji mhandisi wa kuwafundisha jambo hili.

Maji ya kupozea mitambo nayo huzungushwa kupitia minara, na sehemu ndogo hupotea kama mvuke. Chumvi haipandi na mvuke. Hubaki na kuongezeka, hata mabomba hujaa ukoko. Hivyo baadhi ya maji lazima yamwagwe na mapya yaongezwe.

Yaliyochafuka zaidi husukumwa kwa nguvu kupitia utando wenye matundu madogo mno. Upande mmoja hupatikana maji safi, upande wa pili majichumvi mazito, ambayo huweza kuchemshwa hadi yakauke, kwa gharama kubwa ya nishati. Anayejigamba kwamba kiwanda chake hakitoi hata tone aulizwe masalia hayo ameyapeleka wapi.

Katika Afrika Mashariki, Tanzania ilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, na kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zilidai leseni kwa anayemwaga maji machafu. Utekelezaji ni suala jingine. Kiwanda chenye kisima chake na mto nyuma ya ukuta hakioni haraka ya kununua mitambo.

Mto Msimbazi hupita katika maeneo ya viwanda vya Dar es Salaam kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Watafiti wamekuta metali nzito katika mboga zinazomwagiliwa kwa maji yake, na mchicha wa bondeni humo umekuwa ukiuzwa katika masoko ya jiji.