Gezaulole na Upungufu wa Wakulima

Gezaulole, kwa Kizaramo, maana yake ni "jaribu uone". Kijiji hiki kipo pwani ya Kigamboni, na habari zake zafaa kuchunguzwa na kila atakaye kujua kwa nini mashamba hukosa watu hali miji imejaa watu.

Wakati wa ukoloni dawa ilikuwa kuwaleta watu kutoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba ya katani waliunda chombo chao, SILABU, kilichowaandika manamba huko Kigoma na kwingineko. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 dawa ikageuka: mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wasio na kazi mjini walihamishiwa Gezaulole wakalime kwa ujamaa. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi. Waliokamatwa Dar es Salaam bila ya kitambulisho cha kazi walipelekwa vijijini, na wengi wao wakarejea.

Njia zote hizo zilihesabu mikono, zikasahau maarifa na malipo. Aliyezoea kupakua mizigo bandarini hajui majira ya kupanda muhogo, wala mnazi hutunzwaje. Na mnazi haumlishi mtu ila baada ya miaka kadha. Siku hizo zote atakula nini, naye mji anauona ng'ambo ya maji?

Basi, upungufu wa wakulima si upungufu wa watu. Amri yaweza kumfikisha mtu shambani. Kumkalisha huko ni kazi ya mafunzo na ya ujira wa haki.