Picha ya Kondeni, Si ya Kichungaji

Wapo wanaotaka ile michoro ya rangi za maji inayoonyesha maisha na kazi za mashamba tuiite "mandhari ya kichungaji". Msomaji wa kawaida akisikia hivyo atatarajia kanisa na waumini wake, kwani mchungaji alikwisha kupanda mimbari zamani, na waraka wa kichungaji haujawahi kuhusu mbuzi. Asili ya kosa ni kuabudu mzizi. Kilatini *pastor* ni mlisha mifugo, kutokana na *pascere*, kulisha. Theocritus wa Sicily aliwatungia mashairi wachunga mifugo katika karne ya 3 KK, Virgil akamfuata, na wachoraji wa Ulaya wakarithi jina. Jina likabaki, yaliyomo yakahama. Peter De Wint (1784–1849), bingwa wa rangi za maji wa Uingereza, alisifika kwa picha za mavuno na ukataji nyasi. Kwetu, Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma na kufundisha Makerere, alichora wanakijiji kazini, ingawa kwa rangi za mafuta. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika Museum of Modern Art, New York. Huyo mchungaji yuko wapi?

Ndiyo maana nashikilia "picha ya kondeni". Konde ni shamba lililotiwa jembe, basi kazi imo ndani ya neno lenyewe. "Mashambani" limekwisha kuchakaa kwa hotuba za maendeleo. Wataalamu wa kukosoa wasichokibuni watasema konde ni ngumi. Na paa je, si mnyama na pia kitendo cha kuruka juu? Mchoraji Elimo Njau na wenzake walipoanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, utata huo ndio ulioipa nyumba ya sanaa jina lake. Hoja ya kwamba mifugo imesahauliwa ina uzito zaidi; lakini baada ya mavuno ng'ombe huingizwa kondeni kula mabua, wala mpaka wa malisho na kilimo haujawahi kuwa ukuta.

Kwa matumizi: sema "picha ya kondeni ya rangi za maji za kuchorea", maana dukani "rangi ya maji" ni ya kupaka ukuta. Wanaotaka "mandhari ya kichungaji" nao wamwachie mchungaji kanisa lake.