Bibi wa Msamvu na duara la spoku nne

Wadau, mwaka jana nilikwama stendi ya Msamvu saa tatu nzima nikisubiri basi la Dar. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa bibi mmoja anafuma kofia ya mtoto mchanga kwa spoku nne za baiskeli zilizonolewa ncha. Shikamoo bibi, marahaba, nikamuuliza: kitu cha mviringo kinaanzwaje wakati uzi umenyooka?

Akatunga vitanzi 72 kwenye spoku moja, akavigawa 24 kwa kila spoku tatu, akazipanga pembetatu. Ya nne ndiyo ya kufumia. Uzi unaotoka kitanzi cha mwisho unafuma kitanzi cha kwanza, duara limefungwa. Nikajaribu. Mizunguko mitano baadaye akacheka: nilikuwa nimeunga vitanzi vikiwa vimejisokota. Dawa yake? Fumua yote, mjukuu wangu.

Nilipofika nyumbani nikaanza kuchimba. Kumbe ufundi huu ni mkongwe kweli! Misri zimepatikana soksi za pamba zilizofumwa kwa mzunguko, zinazokadiriwa kuwa za kati ya karne ya 11 na ya 14. Ujerumani, mchoraji Master Bertram alimchora Bikira Maria, mnamo mwaka 1400, akimalizia shingo ya nguo ya mtoto kwa sindano nne, kama bibi wangu tu. Mashine ndiyo iliyochelewa. Ya William Lee, Uingereza, mwaka 1589, ilifuma kitambaa bapa, soksi ikabidi ishonwe. Ya mviringo aliipatia hataza Marc Brunel mwaka 1816.

Nimrudie bibi. Alifundishwa na masista akiwa binti (wamisionari Wakatoliki walifungua kituo Morogoro mwaka 1882), akalea watoto wake kwa kuuza sweta na kofia. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya mitumba ikafunguliwa. Wateja wakapungua, wakaisha. Siku hizi anafumia wajukuu tu.

Mimi nilivaa fulana ya mtumba. Akaishika pindo, akatafuta mshono wa ubavuni, kushoto na kulia. Haukuwepo; fulana nyingi za aina hiyo hufumwa na mashine ya duara, kama bomba.

"Kumbe na wao wanazungusha," akasema, akaendelea na kofia yake. Basi langu likapiga honi.