Fumo Liyongo na Adui Zake wa Delta ya Tana

Kipini, kwenye mdomo wa Mto Tana katika jimbo la Garsen, ni nchi ya Fumo Liyongo, shujaa wa hekaya za Waswahili. Tumezoea kumgawia yeye ushujaa na mfalme wa Pate, aliyemfunga gerezani, uovu, lakini mgawanyo huo ni wa upande mmoja. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alipotunga utendi wake mwaka 1913, alimwonyesha Liyongo gerezani akipewa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, akakata minyororo huku ngoma ya gungu ikizima sauti ya chuma. Nani asingemshangilia? Ila kwa Wapokomo wa mtoni, Liyongo anakumbukwa pia kama mtawala aliyewatoza kodi. Huo si ushujaa kwa anayelipa.

Wapo watakaosema hii ni hekaya tu, haina ushahidi wa historia. Ni kweli kwamba hata karne aliyoishi inabishaniwa. Lakini hekaya hutunza mpangilio wa madaraka, yaani nani alitawala, nani alilipa, nani aliogopwa. Tena mfalme hakuweza kumuua peke yake: alimhonga mwana wa Liyongo kwa ahadi ya mke, naye akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akafa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Kiu ile iliwapata raia, si mfalme, na utendi haukuificha.