Sheria ya mikataba (Kenya)

Sheria ya mikataba ni tawi la sheria ya madai linaloeleza makubaliano yapi yanamfunga mtu, nini huyavunja, na aliyeumizwa anastahili kupata nini. Makala hii inaeleza misingi yake nchini Kenya kwa mwanafunzi wa biashara, mifano yake ikitoka Kalamba, eneo la Nzaui katika Kaunti ya Makueni. Hapo ndipo kilipo kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda, kilichojengwa wakati wa ugavana wa Kivutha Kibwana (2013–2022), ambaye kabla ya siasa alikuwa profesa wa sheria. Maembe ya Makueni hupita mikononi mwa mkulima, dalali, chama cha ushirika, mwenye lori na kiwanda. Kila yanapobadilisha mkono pana mkataba, hata kama hakuna karatasi.

Vyanzo

Hadi mwisho wa 1960 Kenya ilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Tarehe 1 Januari 1961 ilianza kutumika Sheria ya Mikataba, Sura ya 23. Sheria hiyo ni fupi: haielezi kanuni moja moja, bali inaagiza kwamba kanuni za mikataba zilizojengwa na mahakama za Uingereza zitumike Kenya, isipokuwa pale sheria iliyoandikwa inaposema vingine. Ndiyo maana mwanafunzi wa mjini Wote au Kitui husoma kesi za London za karne ya 19. Mauzo ya bidhaa yana sheria yake, Sura ya 31. Tanzania Bara ilifuata njia nyingine: sheria yake ya 1961, ambayo sasa ni Sura ya 345, imefuata muundo wa ile ya India. Uganda ilitunga yake mwaka 2010.

Kuundwa kwa mkataba

Mkataba unahitaji ofa, kukubaliwa kwa ofa hiyo, malipo ya ahadi, nia ya kufungwa kisheria, na watu wenye uwezo wa kuingia katika mkataba.

*Ofa na kukubali.* Kutaja bei si kutoa ofa. Katika kesi ya Harvey dhidi ya Facey (1893), iliyotoka Jamaica, muuzaji aliulizwa kwa telegramu bei ya chini kabisa ya shamba lake, akaitaja. Baraza la Faragha la Uingereza liliamua kwamba alijibu swali tu. Hakuwa ameahidi kuuza. Vivyo hivyo mkulima anayeulizwa "embe ni ngapi mwaka huu?" hajauza kitu kwa kujibu. Kunyamaza nako si kukubali. Dalali akituma ujumbe kwamba asiposikia lolote hadi Ijumaa atahesabu matunda kuwa yake, ukimya wa mkulima haumfungi. Anayejibu kwa kubadilisha bei naye hajakubali. Ametoa ofa mpya, na ile ya kwanza imekufa.

*Malipo ya ahadi.* Kila upande sharti utoe kitu chenye thamani: pesa, bidhaa, kazi, au ahadi ya hivyo. Mahakama haipimi kama bei ilikuwa nzuri. Aliyeuza kwa bei ya kutupa ameuza. Lakini kitu kilichokwisha kufanywa kabla ya ahadi kwa kawaida hakihesabiki. Jirani aliyepalilia shamba bila kuombwa, kisha akaahidiwa shukrani ya pesa, hawezi kuidai mahakamani. Katika hili Tanzania inatofautiana na Kenya, kwa kuwa sheria yake inatambua pia jambo lililokwisha kufanywa, iwapo lilifanywa kwa ombi la mtoa ahadi.

*Uwezo na uwakala.* Utu uzima huanza miaka 18. Aliye chini ya umri huo hufungwa hasa kwa mahitaji ya lazima aliyonunua, tena kwa bei ya haki. Chama cha ushirika kilichosajiliwa ni mtu kisheria, nacho huingia katika mkataba kupitia maofisa wenye mamlaka. Kuhusu dalali, swali la kwanza ni kama ananunua kwa jina lake au kama wakala wa mwingine. Akiwa mnunuzi, deni ni lake hata kama mfanyabiashara wa Mombasa aliyemuuzia matunda hayo hajamlipa.

Maandishi

Mkataba wa mdomo ni halali, ila sheria imeweka mipaka. Mauzo ya bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hayadaiwi mahakamani mpaka kuwe na mojawapo ya haya: mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa na kuikubali, ametoa arubuni au sehemu ya bei, au yapo maandishi yaliyotiwa saini na anayedaiwa. Dalali aliyepakia kreti za kwanza au kutuma arubuni kwa simu tayari amevuka mpaka huo.

Udhamini wa mkopo sharti uandikwe na kutiwa saini na mdhamini. Mkataba wa kuuza ardhi sharti uandikwe, utiwe saini na pande zote, na saini hizo zishuhudiwe. Shamba la kilimo huhitaji pia idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, inayoombwa ndani ya miezi 6. Bila idhini mauzo ni batili, na mnunuzi hudai pesa zake kama deni. Hata hivyo, katika kesi ya Willy Kimutai Kitilit dhidi ya Michael Kibet (2018), Mahakama ya Rufani ilimlinda mnunuzi aliyekwisha kukabidhiwa ardhi, kwa misingi ya haki.

Masharti yasiyotamkwa

Sheria huongeza masharti ambayo wahusika hawakuyasema. Mkulima akimweleza mwenye duka la pembejeo kwamba anataka dawa ya nzi wa matunda, akategemea ujuzi wake, dawa hiyo sharti ifae kwa kazi hiyo. Bidhaa zilizouzwa kwa maelezo sharti zilingane nayo: aliyeagiza maembe aina ya Kent halazimiki kupokea ngowe.

Zaidi ya hapo, mahakama haiwaandikii watu mkataba mpya. Mahakama ya Rufani ilishikilia hivyo mwaka 2001 katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Pipeplastic Samkolit: wahusika wanafungwa na masharti yao, isipokuwa shuruti, ulaghai au ushawishi usiofaa udaiwe na kuthibitishwa.

Mavuno yakipungua

Katika eneo kame kama Makueni, swali zito ni nani abebe hasara ya ukame. Katika Howell dhidi ya Coupland (1876), mkulima Mwingereza aliuza tani 200 za viazi kutoka shamba lililotajwa. Ugonjwa ukaacha takriban tani 80, akasamehewa zilizobaki. Lakini katika Sainsbury dhidi ya Street (1972), mkulima wa shayiri aliyevuna kidogo akamuuzia mtu mwingine mavuno hayo alionekana amevunja mkataba: upungufu ulimwondolea wajibu wa kile kisichokuwepo, si wa kile kilichokuwepo. Aliyeahidi "maembe 5,000" bila kutaja shamba hana kinga hiyo, kwa kuwa anaweza kuyatafuta kwingine.

Kuvunja mkataba na fidia

Fidia humrudisha aliyeumizwa pale ambapo angekuwa kama ahadi ingetimizwa. Tuseme kiwanda kimekubali maembe 10,000 kwa shilingi 15 kila moja, kisha kikayakataa bila sababu, na bei ya soko ni shilingi 9. Dai ni tofauti hiyo, yaani shilingi 60,000. Kwa mujibu wa Hadley dhidi ya Baxendale (1854), hasara nyingine hulipwa ikiwa tu ilikuwa ya kutarajiwa wakati wa kukubaliana. Mwenye kudai naye sharti ajitahidi kupunguza hasara. Haruhusiwi kuyaacha maembe yaoze ili dai linenepe.

Kudai haki

Dai la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza pia upatanishi na njia za jadi.

Popote dai litakapopelekwa, anayedai ndiye anayethibitisha. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha nani alilipa, kiasi gani na lini. Hauonyeshi malipo hayo yalikuwa ya maembe mangapi, ya aina gani, wala ya kuchukuliwa siku gani. Mambo hayo matatu, yakiandikwa kwa mstari mmoja na kutiwa saini na pande mbili, humwezesha mkulima kuthibitisha dai lake.