Doa la zambarau: historia ya saitokromu hadi ukingoni mwa Lualaba

Kipindupindu kilipoingia mashariki mwa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1970, kilikuta njia ya maji iko tayari: maziwa kwanza, kisha mito. Mikelenge, komini ya mji wa Kindu iliyo ukingo wa kushoto wa mto Lualaba, imekaa njiani kabisa. Imezoeleka sampuli za choo kutoka majimboni zisafirishwe hadi taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba (INRB), Kinshasa. Kutoka Kindu ni zaidi ya kilomita 1,000.

Maabara huotesha sampuli kwenye agari ya TCBS, ambako bakteria wa kipindupindu hutoa makundi ya rangi ya njano. Fundi asiyejua kazi atayapima hapo hapo, na tindikali waliyoitoa bakteria itamdanganya. Anayejua huyahamishia kwanza kwenye agari ya kawaida, kisha huchota kidogo kwa kijiti cha mbao (waya wenye chuma nao hudanganya) na kupaka kwenye karatasi yenye kitendanishi. Ndani ya sekunde 10 hutokea doa la zambarau. E. koli, mkazi wa kawaida wa utumbo, haitoi doa hilo.

Kipimo hicho huitwa oksidesi. John Gordon na James McLeod wa Leeds walikieleza mwaka 1928, na Kovacs akakirahisisha mwaka 1956. Kinachogeuza rangi ni mnyororo wa kupumua wa bakteria wenye saitokromu C, protini yenye chuma, pamoja na kimeng'enya cha kuioksidisha, ambacho E. koli haina. Na historia ya saitokromu ilianza kwa dhuluma. Katika miaka ya 1880 Charles MacMunn, daktari wa Wolverhampton, Uingereza, alitazama misuli ya wanyama kwa spektroskopi akaona mistari myeusi isiyofanana na ya damu. Felix Hoppe-Seyler, bingwa wa kemia wa Ujerumani, alimpinga, na kwa kuwa alikuwa mkubwa, watu wakamwamini mkubwa. MacMunn alifariki mwaka 1911 bila kusikilizwa.

Mwaka 1925 David Keilin, mtafiti wa vimelea huko Cambridge, aliiona mistari ile ile. Alikuwa akichunguza nzi ambaye mabuu yake huishi tumboni mwa farasi. Aliikuta pia kwenye hamira na kwenye bakteria, akaipa dutu yenye mistari hiyo jina la saitokromu, na kwa uungwana akamtaja MacMunn kuwa ndiye aliyetangulia.

Swali la nani huiunda saitokromu lilingoja zaidi. Ndani yake mna himu, molekuli yenye chuma, jamaa wa karibu wa ile inayoipa damu wekundu. Himu hutengenezwa ndani ya seli, ilhali saitokromu C hukamilishwa upande wa nje wa utando wa ndani. Lazima kuwe na wavushaji. E. koli na bakteria wa kipindupindu hutumia kundi la protini linaloitwa Ccm, nyingi zikiwa zimekita ndani ya utando wenyewe. CcmC huishika himu na kumkabidhi CcmE. CcmF na CcmH huifunga kwenye protini yake. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani CcmA na CcmB ndio pampu ya himu. Baadaye ilionekana kazi yao ni kumwachilia CcmE akiwa na mzigo wake.

Kazi ya CcmE ilifichuliwa Zürich mwaka 1998, katika maabara ya Linda Thöny-Meyer. Mwaka 2005 yeye na mtafiti mwenzake Braun waliizima jeni ya ccmE katika bakteria wa kipindupindu wenyewe. Saitokromu C zote, zisizopungua sita, zikatoweka. Wakapekua mutanti (bakteria wenye jeni zilizovurugwa) zaidi ya 55,000 kutafuta wasaidizi wengine. Nje ya jeni za ccm wakaambulia moja tu, dsbD.

Bakteria wa kipindupindu hajiundii himu tu; pia ni mwizi wake. Mwaka 1988 Stoebner na Payne, huko Texas, walionyesha kwamba hujipatia chuma kutoka kwenye himu ya mwenyeji wake; mmoja wa milango yake katika utando wa nje ni protini HutA.

Utafiti wa 2005 una habari nyingine isiyofurahisha: penye hewa na chakula kingi, bakteria waliokosa saitokromu C waliendelea kukua. Dawa ya kuivunja Ccm, basi, huenda isitoshe kuwaua. Doa la zambarau linamtambulisha adui tu. Mgonjwa wa Mikelenge anyweshwe maji ya chumvi na sukari mapema na afikishwe kituoni bila kungoja jibu la Kinshasa; na nyumbani, maji ya mto yatiwe klorini au yachemshwe.